Dondoo muhimu: Suruali isikuteremke
Suruali ya mtumba ikikupwaya kiunoni, usikimbilie mkanda. Ukiukaza sana, kitambaa hujikunja nyuma na suruali bado inashuka. Mpelekee fundi cherehani aufumue mshono wa nyuma, apunguze kiuno. Inchi mbili hazina shida. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma husogeleana mpaka inachekesha. Kama hutaki ikatwe, mwambie apitishe lastiki ndani ya kiuno, upande wa mgongoni tu.

Mwenye kitambi ana kesi yake: mkanda huteleza chini ya tumbo, hata uwe wa ngozi nzuri namna gani. Avae suspenda, na akiona haya azifunike kwa koti. Simu na funguo nzito zitoke mfukoni. Wapenzi wa mlegezo, haya hayawahusu.