Kitabu Ulichokipenda Kilikufanyia Nini?

Somo: 2 Timotheo 4:9–21, Matendo ya Mitume 8:26–40

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, naye akijua kwamba siku zake zimebaki chache, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Haja ya joho twaielewa, maana wakati wa baridi ulikuwa karibu. Lakini vitabu? Mtu anayengoja kufa bado alitaka kusoma. Vilikuwa vitabu gani hatuambiwi, nasi hatutabahatisha.

Hapa mtaani kwetu Mtwara tuna desturi ya kukutana Alhamisi baada ya Sala ya Jioni, kila mmoja na kitabu alichokipenda. Si lazima kiwe kitabu cha dini. Vijana huleta Shaaban Robert, na *Kusadikika* kimekuja mara nyingi kuliko vyote, pengine kwa sababu ni chembamba. Msemaji haombwi kutusimulia hadithi yote tangu mwanzo hadi mwisho (wako wanaofanya hivyo, na taa hutuzimikia), bali atuambie kitabu hicho kilimgusa wapi. Jambo hili ni gumu kuliko tulivyodhani, na hapa yafaa tuungame kosa letu wenyewe.

Mzee mmoja wetu kutoka Mikindani alileta *Uhuru wa Watumwa*, kilichoandikwa na James Mbotela na kuchapwa mwaka 1934. Chaeleza habari za watu waliotekwa, wakatiwa majahazini, kisha wakakombolewa na kukaa Frere Town karibu na Mombasa. Baba yake mwandishi alikuwa mmoja wa waliokombolewa. Mzee wetu alisema kwamba alipokisoma alilia, kwa kuwa bibi yake alimsimulia maneno kama hayo habari za mama yake mwenyewe, naye alipokuwa mtoto hakumsadiki.

Kabla hajamaliza, kijana mmoja mwalimu alidakia kwamba kitabu kile chawasifu mno Waingereza. Sisi wengine tukaingia. Mmoja akaleta habari za Livingstone kupita Mikindani mwaka 1866, mwingine akataja mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja, mwingine akauliza ni nani walionunua pembe na karafuu miaka yote ile. Yalikuwa mazungumzo mazuri sana, tukajisifu njiani tulipokuwa tukirudi nyumbani. Mzee alikuwa amekwisha kukifunga kitabu chake katika gazeti. Alhamisi tatu hatukumwona.

Basi wawili wetu tukaenda Mikindani. Tulipomwamkia, "Shikamoo, babu," aliitikia vema, akatukaribisha barazani, akaagiza tuletewe maji. Tulipomwuliza kulikoni, alisema, "Wanangu, mimi sikuwaambia kitabu hiki hakina kosa. Niliwaambia kilinifanya nimkumbuke bibi yangu, niliyemwita mwongo. Ninyi mkajibu swali ambalo sikuuliza."

Hatukuwa na la kusema. Tulimwomba radhi.

Sasa twaomba msomaji aitazame tena habari ya Filipo na yule Mkushi towashi. Filipo alimsikia mtu anasoma, akamwuliza kama anaelewa, kisha akangoja mpaka akaribishwe garini. Alipanda, akaketi naye. Tena, alipofungua kinywa, alianzia palepale mwenyewe alipokuwa akisoma, hakuanzia mahali alipopapenda yeye. Sisi tulipanda garini bila kukaribishwa, tena tukamshusha mwenye gari.

Mwalimu yule hakukosea katika hoja yake. Kitabu chaweza kukuliza, na bado kikawa na upande kilichoufunika. Na watu wa kusini hatuna budi kuyachunguza mambo hayo, maana Kanisa letu huku lilianza kwa watu wa namna hiyo. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watumwa waliowekwa huru, akapitia Lindi, akawaacha Masasi wajenge kijiji chao. Wako kati yetu wajukuu na vitukuu wa watu hao, na wengine hawapendi litajwe. Kwa hiyo hoja ilikuwa na mahali pake. Ilipaswa tu kungoja mzee amalize kumlilia bibi yake. Siku hizi, msemaji akimaliza, swali la kwanza huwa moja tu: "Ni ukurasa gani? Tusomee." Ubishi huja baadaye, na huja kweli.

Mama mmoja aliyeolewa miaka mingi bila kupata mtoto alileta kitabu kinene cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, habari za *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano alingoja! Sisi tulitazamia mama huyo ataeleza jinsi wale wawili walivyopata watoto mwishoni. Hakuligusa. Alipoulizwa ukurasa, alifungua pale ndugu wa mume wanapomsimanga Bugonoka hata akachukuliwa na wazazi wake, na mume akafunga safari kwenda ukweni kumrudisha. Alisoma polepole. Halafu akasema, "Mahali hapa nimesoma mara nyingi. Kule mbele kwenye watoto nimesoma mara moja tu."

Hakuna aliyemwambia habari za Sara wala za Hana, ijapokuwa wengi wetu tulikuwa nazo mdomoni. Mumewe alikuwa ameketi kando yake, akitazama chini.

Mzee wa Mikindani, ambaye alikuwa amerudi Alhamisi ile, ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu, waweza kuniazima hicho?"

Mama alifikiri kidogo. Akasema atampa kwa majuma mawili, ila asikiweke dirishani, maana upepo wa bahari umekwisha kuharibu jalada la mwanzo.