Ufahamu na Ufupisho: Kisanduku cha Funguo

Mwanafunzi, swali la ufahamu hupima kama umeelewa alichosema mwandishi na kama unaweza kukieleza kwa maneno yako. Soma kifungu mara mbili: kwanza upate wazo kuu, kisha utafute majibu.

Soma kifungu kifuatacho kisha jibu maswali.

Mwenye nyumba za kupangisha Tegeta au Mbagala huwa na mzigo wa funguo. Leo dalali anataka kumwonesha mteja chumba, kesho fundi bomba anakuja, keshokutwa mgeni anafika saa sita usiku. Wengi huacha ufunguo wa akiba kwa Mangi dukani au huuficha chini ya chungu cha maua. Mwizi naye anapajua hapo.

Siku hizi kuna kisanduku kidogo cha chuma kinachofungwa ukutani au getini. Ndani yake huwekwa ufunguo, nacho hufunguliwa kwa namba ya siri. Vingi vya kawaida vina magurudumu manne yenye tarakimu 0 hadi 9, hivyo namba zinazowezekana ni 10,000. Namba hubaki ileile mpaka mwenyewe aibadilishe. Kile cha kisasa hutumia betri na huunganishwa na simu. Mwenye nyumba anaweza kumpa fundi namba inayofanya kazi kwa saa mbili tu. Baadhi huweka pia kumbukumbu ya saa kilipofunguliwa. Umeme ukikatika bado hufunguka. Lakini betri zikiisha bila mtu kuangalia, mgeni hulala nje.

Hata hivyo, kisanduku hakimzuii mtu aliyeutoa ufunguo kwenda kuchongesha mwingine. Aliyepewa namba amepewa nyumba. Namba ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, si siri tena. Zaidi ya hayo, chumba kikishapangishwa, ndani mna watoto, mali na maisha ya mtu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya kila mtu na maskani yake. Kwa hiyo, mwenye nyumba kuwa na namba si ruhusa ya kuingia apendavyo. Mkataba ueleze nani atakuwa na namba, ataingia lini na atatoa taarifa vipi. Mpangaji akihama, namba ibadilishwe siku hiyohiyo, na kitasa pia.

Maswali

1. Taja sehemu mbili ambako watu huacha ufunguo wa akiba.
2. Eleza tofauti mbili kati ya kisanduku cha kawaida na cha kisasa.
3. Mwandishi ana maana gani anaposema "Aliyepewa namba amepewa nyumba"?
4. Je, mwenye nyumba anaweza kuingia chumbani kwa mpangaji kwa sababu tu ana namba? Toa sababu.
5. Fupisha kifungu kwa maneno yasiyozidi 50.

Majibu

1. Kwa Mangi dukani na chini ya chungu cha maua.
2. (i) Namba ya kisanduku cha kawaida hubaki ileile mpaka ibadilishwe. Cha kisasa huweza kutoa namba ya muda maalumu. (ii) Cha kawaida huzungushwa magurudumu. Cha kisasa hutumia betri na huunganishwa na simu.
3. Anayejua namba anaweza kuchukua ufunguo, akaingia ndani au akachongesha ufunguo mwingine.
4. Hapana. Chumba kilichopangishwa ni maskani ya mpangaji, na Katiba inalinda faragha yake.
5. Visanduku vya funguo huwasaidia wenye nyumba kuhifadhi ufunguo wa akiba kwa namba ya siri. Vya kisasa hutoa namba za muda maalumu. Hata hivyo, namba ikisambaa usalama hupotea. Mpangaji ana haki ya faragha, hivyo matumizi ya namba yaandikwe kwenye mkataba na namba ibadilishwe anapohama. (Maneno 43)

Angalizo

Katika swali la 4, usijibu "Ndiyo, kwa sababu nyumba ni yake." Hayo ni maneno ya mtaani, kifungu kinasema kinyume. Rudi kwenye kifungu kabla ya kuandika. Katika swali la 5, acha mifano kama dalali na fundi bomba. Ufupisho hubeba hoja kuu tu.