Nakala yetu iko wapi? Mkatoliki, sheria na kura kwenye pwani ya Cabo Delgado

Kaskazini mwa Cabo Delgado, kuanzia Palma kushuka hadi Macomia, siasa huingia parokiani kila baada ya miaka mitano, na huingia na kapulana, yaani vitenge vya kampeni. Zinagawiwa Jumamosi, Jumapili zimeshavaliwa misani, na paroko anajikuta akihubiri mbele ya nyuso za wagombea. Kura zikishahesabiwa, kikundi cha Haki na Amani kinarudi kwenye kazi ya kuwahudumia waliokimbia vita, na bunge linasahauliwa. Uchaguzi wa manispaa unakuja 2028 na uchaguzi mkuu 2029. Kabla ya hapo kuna miswada, mikutano ya ardhi na bajeti za mkoa, na mambo mengi ya Palma na Mocímboa da Praia huamuliwa huko, si kwenye sanduku la kura. Kwa hiyo nianze na mwaka usio na uchaguzi.

Kwanza mipaka. Ibara ya 12 ya Katiba ya Msumbiji inasema dola haina dini. Kanuni ya 287 ya sheria za Kanisa inamzuia padri kushiriki kikamilifu katika chama cha siasa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomfunga mdomo mlei, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (1965), ulikumbusha kwamba kura ni haki na ni wajibu pia. Maaskofu wa Msumbiji wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1987, vita vya serikali na Renamo vikiwa vimepamba moto, walitaka pande hizo mbili zizungumze, na serikali ikawajia juu. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Oktoba 1992, mkataba wa amani ulitiwa saini Roma, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira akiwa miongoni mwa wapatanishi. Oktoba 2024 maaskofu walilaani hadharani udanganyifu katika uchaguzi wa tarehe 9. Ng'ambo ya Ruvuma, Agosti 2023, Baraza la Maaskofu Tanzania lilitoa waraka wa kupinga mkataba wa bandari na DP World, ukasomwa makanisani. Katika yote hayo waligusa jambo. Hawakumwambia mtu achague chama gani.

Kipimo cha hilo ninachopenda ni hiki: karatasi mnayotaka kuigawa baada ya misa, mnaweza kumpa katibu wa chama cha Frelimo, wa Podemos, wa Renamo na wa MDM bila kubadilisha sentensi hata moja? Kama hamwezi, irudisheni mezani. Na kuna jambo ambalo watu wanaona haya kulisema. Mara nyingine kiongozi wa jumuiya ndogondogo ndiye huyohuyo mtu wa chama mtaani. Si dhambi. Ila asiwe yeye anayeshika kalamu ya barua kwenda bungeni, wala anayeendesha mafunzo ya wapigakura.

Pwani hii Wakatoliki ni wachache, na Mocímboa da Praia ina kumbukumbu yake. Mwaka 2005 uchaguzi mdogo wa meya ulizozaniwa kati ya Frelimo na Renamo, na Septemba mapigano yakazuka, watu wakauawa. Mgawanyiko ulifuata mstari ambao kila mtu mjini aliujua, Wamakonde, wengi wao Wakatoliki, huku na Wamwani, walio Waislamu, kule. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vya sasa, vya waasi dhidi ya serikali, vilianzia mji huohuo. Sisemi la kwanza lilizaa la pili; sababu za vita hivi ni nyingi. Ninachosema ni kwamba mafunzo ya uraia yanayofanyika kanisani peke yake, hata yakiwa safi namna gani, wengine watayaona ya Wamakonde.

Basi kabla ya kuandika chochote, nendeni kwa imamu wa msikiti ulio karibu na kwa wazee wa wavuvi. Msiwapelekee karatasi iliyokwisha kuandikwa mkaomba saini. Wapelekeeni swali: nyinyi mnaona kipi kwanza? Mkutano ufanyike shuleni au kwenye banda la soko la samaki, saa isiyogongana na swala wala na muda wa ngalawa kurudi. Watu waongee Kimwani, Kimakonde, Kiswahili, wanachotaka. Kireno kije mwisho, wakati wa kuandika.

Barua yenyewe inakwenda wapi? Msomaji wa Tanzania atashangaa kusikia kwamba Msumbiji hakuna mbunge wa wilaya. Mkoa mzima wa Cabo Delgado hupigia kura orodha za vyama, na wabunge hutoka kwenye orodha hizo. Hakuna "mbunge wa Palma" wa kumbana akirudi likizo. Hilo lina ubaya wake, lakini pia lina faida isiyotumika: kila aliyeingia bungeni kwa orodha ya Cabo Delgado, wa chama chochote kile, ni mbunge wenu. Waandikieni wote barua ileile, siku ileile. Na mkumbuke hesabu. Katika bunge la viti 250 lililotokana na uchaguzi wa 2024, Frelimo ina 171, Podemos 43, Renamo 28 na MDM 8. Hoja isiyomgusa mtu yeyote ndani ya Frelimo haipiti, kwa hiyo barua ya matusi kwa chama tawala inamfurahisha aliyeiandika tu.

Raia wa kawaida hana haki ya kuwasilisha muswada. Haki hiyo ni ya wabunge, kambi za vyama, kamati za bunge, Rais na serikali. Lakini ibara ya 79 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuwasilisha maombi na malalamiko, na bunge lina kamati ya kuyapokea. Ombi liwe la ukurasa mmoja na jambo moja. "Tunaomba amani na maendeleo" halimlazimishi mtu kujibu. "Tunaomba kifungu cha kushauriana na jamii, kilichomo katika sheria ya ardhi ya 1997, kisidhoofishwe katika mapitio yake" lina mtu wa kulijibu, na akikataa itabidi aseme kwa nini. Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi na mhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na mhuri, mwaka kesho mtaambiwa haikufika.

Kuna mlango mwingine ambao watu wengi wa parokiani hawajawahi kuusikia. Katiba inawaruhusu raia 2,000 kuliomba Baraza la Katiba litamke kwamba sheria au tendo la dola linapingana na Katiba. Mwaka 2017 asasi zinazofuatilia bajeti zilikusanya saini hizo kuhusu mikopo ya siri ya kampuni tatu iliyodhaminiwa na serikali. Juni 2019 Baraza likatangaza kuwa batili mkopo wa EMATUM, kampuni iliyoundwa kwa jina la uvuvi wa jodari, pamoja na dhamana ya serikali. Mei 2020 likafanya hivyohivyo kwa mikopo ya kampuni mbili nyingine, ProIndicus na MAM. Saini 2,000 ni nyingi kwa parokia moja. Kwa Jimbo Katoliki la Pemba likishirikiana na misikiti, si nyingi.

Nitakaa zaidi kwenye ardhi, kwa sababu hapo sheria humfuata mtu mpaka kijijini kwake. Ardhi ni mali ya dola na haiuzwi, lakini sheria namba 19 ya 1997 inaitambua haki ya familia iliyoishi mahali kwa mila, hata kama haina kipande cha karatasi, na haki ya aliyekaa kwa nia njema miaka 10. Mwekezaji hapewi hati ya kutumia ardhi, DUAT kama wote wanavyoiita, kabla jamii haijashauriwa. Mradi wa gesi wa Afungi, wilayani Palma, ulipata DUAT ya takriban hekta 7,000 mwaka 2012, na watu wa Quitupo hatimaye wakahamishiwa Quitunda. Tangu mwaka huo pia kuna kanuni ya serikali, Dekreto namba 31, inayosimamia uhamishaji wa watu kwa sababu za kiuchumi.

Mkutano wa kushauriana na jamii kuhusu ardhi, ukiendeshwa vibaya, huwa hivi. Gari linafika saa nne badala ya saa mbili. Ofisa anasoma Kireno kwa dakika kumi, mkalimani anayakata kuwa sentensi mbili, wazee wanapiga makofi kwa adabu. Kisha muhtasari unazungushwa pamoja na kidau cha wino, dole gumba baada ya dole gumba, na karatasi zinarudi kwenye gari.

Jiandaeni kwa watu watatu. Wa kwanza anajua Kireno; anakaa jirani na mkalimani na kuandika kila kilichorukwa, kisha ananyoosha mkono na kuuliza kuhusu hicho hicho. Wa pili ni mwanamke, tena si wa kupamba safu ya mbele. Shamba hupimwa kwa hekta na mnazi una bei yake, lakini mahali akina mama wanapookota chaza na kuchokoa pweza maji yakitoka hapana hati wala nambari, kwa hiyo hakuna anayepakumbuka isipokuwa wao. Azungumze yeye, na ahakikishe maneno yake yameandikwa. Wa tatu ni kijana mwenye simu, anapiga picha kila ukurasa, pamoja na ramani, kabla ya wino kufunguliwa. Kama kuna ukurasa mtupu, upigwe mstari wa kuukata kwanza. Na dole gumba lisiguse karatasi mpaka mzee mmoja amemuuliza mwenye kalamu, kwa sauti ya kusikika na wote: nakala yetu iko wapi? Akisema itakuja baadaye, na saini nazo zingoje.

Kuhusu fedha za gesi na madini nitakuwa mfupi. Sheria za Desemba 2022 zilitenga asilimia 10 ya kodi ya uzalishaji kwa ajili ya mikoa, wilaya na jamii zinakochimbwa rasilimali. Sheria ya mfuko wa taifa wa akiba, ya Januari 2024, inapeleka asilimia 40 ya mapato ya gesi kwenye mfuko na 60 kwenye bajeti katika miaka 15 ya mwanzo. Swali la kuuliza kila mwaka, kwa maandishi, kwa serikali ya wilaya ni moja: mwaka jana tulipokea meticais ngapi, na zimejenga nini?

Sasa kura. Kazi ya parokia huanza kwenye uandikishaji, na uandikishaji una dirisha fupi. Mwaka 2024 ulianza 15 Machi ukafungwa 28 Aprili. Aliyeandikishwa Metuge au Pemba wakati wa ukimbizi, naye sasa amerudi Mocímboa da Praia, lazima ahamishe taarifa zake, la sivyo siku ya kura kituo chake kitakuwa safari ya mchana kutwa. Jumuiya ndogondogo ianze mapema kuorodhesha nani ana kitambulisho na nani chake kiliungua. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya kitambulisho cha taifa, na wapo wanaoamini kinatosha.

Katika uchaguzi mkuu mpigakura hupewa karatasi tatu: rais, bunge, na baraza la mkoa. Hii ya tatu hudharauliwa. Tangu 2019 anayeongoza orodha iliyoshinda ndiye anayekuwa gavana. Kando yake kuna katibu wa dola katika mkoa, ambaye huteuliwa na Rais na hapigiwi kura na mtu. Mkichanganya wawili hao, barua zenu zitazunguka maofisini bila mwenyewe.

Nani wa kumchagua? Wapo watakaosema Mkatoliki ana swali moja tu, la mtoto aliye tumboni. Kanisa linalifundisha hilo bila kuyumba, na halikukubaliana na sheria ya adhabu ya 2014 iliyofungua mlango wa utoaji mimba. Lakini uhai ni pia wa vijana zaidi ya 50 waliouawa Xitaxi, wilayani Muidumbe, Aprili 2020. Ni wa binti wa miaka 14 anayelindwa na sheria namba 19 ya 2019 dhidi ya kuozwa kabla ya miaka 18. Mwekeni mgombea mbele ya maswali hayo yote: waliokimbia watarudi lini na kwa ulinzi wa nani, askari akimpiga raia ashtakiwe wapi, shamba lililokaliwa na mtu mwingine lirudishwe vipi. Akijibu kuhusu binti kwamba hiyo ni mila yetu, mmeshapata jibu lake.

Kura huhesabiwa kituoni palepale, na karatasi ya matokeo, edital, hubandikwa hapo. Mawakala wa vyama nao hupewa nakala. Ugomvi mwingi wa baadaye ungekuwa mfupi kama kila edital ingekuwa na picha. Tume ya Maaskofu ya Haki na Amani imo katika muungano wa waangalizi uitwao Mais Integridade, kwa hiyo parokia haihitaji kuunda chombo kipya. Ipeleke vijana wake huko, na maombi ya vibali yaende miezi kabla, maana kibali kinachofika baada ya kura hakina kazi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Desemba 2018, baraza la maaskofu, CENCO, lilipeleka waangalizi wapatao 40,000, na kwa sababu ya wingi huo liliweza kusema kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale liliyokusanya. Kura yako mwenyewe usiipige picha. Ni ya siri, na anayekuomba picha yake amekwisha kuinunua au anataka kukutisha.

La mwisho ni la usalama, na kwa pwani hii si la pembeni. Orodha ya majina, namba za simu na vijiji ni hatari ikianguka kwenye mikono mibaya, iwe ya wapiganaji porini au ya mtu mwenye kinyongo mjini. Msizitume orodha hizo kwenye makundi ya WhatsApp. Picha za edital na za mihtasari zitumwe kwa mtu mmoja aliyekubaliwa, kisha zifutwe kwenye simu kabla ya kupita vizuizi vya barabarani. Karatasi zisikae zote nyumba ya mapadri. Misheni ya Nangololo, wilayani Muidumbe, iliyoanzishwa 1924, ilishambuliwa na kuharibiwa mwishoni mwa 2020, na redio yake ya jamii ikateketea. Nakala ya kwanza ikae kijijini kwa mtu asiye kiongozi. Ya pili iende Pemba na msafiri mwenye safari yake nyingine, kwenye bahasha isiyoandikwa kitu juu.