Grafu za Kijani, Risiti Isiyofika: Mafunzo Niliyopata Naro Moru

Kazi yangu ni kuhakikisha mifumo ya kompyuta haizimiki, na ikizimika irudi haraka. Naifanyia Naro Moru, kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, ingawa seva zenyewe ziko mbali. Mfumo unaonishughulisha zaidi hukusanya malipo ya miradi ya maji ya jamii. Mwanachama hulipa kwa simu, mfumo hupokea taarifa, huiandika kwenye akaunti yake, kisha humtumia risiti kwa SMS. Programu za kufuatilia mfumo wa namna hii huzoeleka upesi. Linalochukua muda ni kujua upime nini, na namba ikishakufikia ufanye nini. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na anayesubiri

Mwisho wa mwezi mmoja, watu walipokuwa wakilipa kwa wingi, mweka hazina wa mradi alinipigia. “Kijana, pesa zimetoka kwenye simu za watu na risiti haziingii. Wameanza kusema mradi umekula pesa zao.”

“Mzee, nipe dakika chache nitazame,” nikamjibu.

Dashibodi ilikuwa mbele yangu. Prosesa ilitumia chini ya robo ya uwezo wake, kumbukumbu ilikuwa tele, diski ilikuwa na nafasi. Kila kitu kijani. Tatizo lilikuwa kwenye hifadhidata: programu iliruhusiwa kufungua miunganisho 20 kwa wakati mmoja, yote ilikuwa imeshikwa, na malipo mapya yalipanga foleni nyuma yake. Prosesa ilikuwa imetulia kwa sababu kazi ilikuwa haijaifikia. Hapakuwa na grafu ya foleni hiyo, wala ya muda unaopita kati ya malipo kupokelewa na risiti kutumwa.

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, Mkenya amezoea kuona ujumbe wa kuthibitisha kabla hajarudisha simu mfukoni. Asipouona, ana haki ya kuuliza pesa zake ziko wapi. Kwa hiyo grafu ya kwanza kwenye dashibodi yetu sasa ni muda wa risiti. Za prosesa na diski ziko chini yake. Hizo hutusaidia kutafuta chanzo tukishajua kuna mtu anayeumia.

2. Dalili nne zinatosha kuanzia

Uhandisi wa uthabiti wa mifumo ulianzia Google mwaka 2003, katika timu iliyoongozwa na Ben Treynor Sloss. Mwaka 2016 wahandisi wa kampuni hiyo walitoa kitabu Site Reliability Engineering, ambacho husomwa bure mtandaoni. Sura yake ya ufuatiliaji, iliyoandikwa na Rob Ewaschuk, inataja dalili nne: muda wa kujibu, wingi wa maombi, makosa, na kujaa. Tatu za kwanza humjia mtu haraka. Ya nne, yaani nafasi iliyobaki kabla mfumo haujaelemewa, ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo iliyokuwa imejificha kwenye ile miunganisho 20.

Wakenya tuliona nguvu ya kuelemewa huko tarehe 7 Juni 2016. Tumbili aliangukia paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kisha akaangukia transfoma, nayo ikajizima. Mitambo mingine ya kituo ikaelemewa na mzigo, ikajizima pia. Kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, ikapoteza zaidi ya megawati 180, na nchi nzima ikakosa stima. Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na Kenya Wildlife Service.

Hakuna awezaye kuweka kengele ya tumbili. Nafasi iliyobaki kwenye mitambo mingine ndiyo inayopimika. Nasi hatukuhangaika kuorodhesha kila kinachoweza kuharibika. Tuliweka onyo litokee miunganisho 15 kati ya 20 ikishikwa kwa muda, kabla hata risiti moja haijachelewa.

3. Wastani humsahau aliye mkiani

Chukua malipo 100. Tisini na nane yanakamilika kwa sekunde 0.2, na mawili kwa sekunde 20. Wastani wake ni sekunde 0.6 hivi, namba ambayo meneja yeyote angeipokea kwa furaha. Lakini hakuna hata mlipaji mmoja aliyesubiri sekunde 0.6. Wengi hawakusubiri kabisa, na wawili walisubiri hadi wakaanza kupiga simu.

Dawa ni kuyapanga malipo kutoka la haraka hadi la polepole, kisha utazame la 50, la 95 na la 99. La 50 linakuonyesha hali ya mteja wa kawaida, na la 99 hali ya aliye mkiani.

Kuna mtego mmoja hapa. Prometheus, programu tunayoitumia, huweza kuhesabu muda kwa makundi: mangapi yalikwisha ndani ya sekunde 0.1, mangapi ndani ya sekunde 1, na kuendelea. Maktaba zake nyingi huja na makundi yanayokomea sekunde 10. Malipo yakichukua sekunde 40, grafu ya la 99 itakuonyesha 10, nawe utaona mstari umenyooka vizuri na udhani hali imetulia. Ukiona mstari umelala sawa kabisa juu ya namba kamili, kagua makundi yako kwanza.

4. Pengo si sifuri

Upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, kwenye mita 3,678, kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa kilichoanzishwa mwaka 1999 chini ya mpango wa dunia wa kuchunguza angahewa. Hupima gesi kama ozoni na kaboni monoksaidi. Stima ikipotea huko juu, rekodi hubaki na pengo. Hakuna mwanasayansi atakayejaza sifuri pale, kwa sababu sifuri ingemaanisha hewa isiyo na ozoni kabisa.

Kwenye kompyuta kosa hilo ni rahisi kutendeka. Ukiandika kengele ilie makosa yakizidi kiwango fulani, na seva ikafa kabisa, hakuna makosa ya kuhesabu. Kengele inanyamaza wakati mfumo umezimika. Prometheus, iliyoanzia kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, husaidia hapa kwa jinsi ilivyoundwa. Yenyewe ndiyo huenda kwa kila seva kuchukua vipimo kila baada ya muda uliopangwa. Isipojibiwa huandika kwamba seva haikupatikana, na hilo nalo huwa kipimo cha kuwekewa kengele.

Bado swali moja linabaki: nani anamfuatilia mfuatiliaji? Yetu hukaa mahali tofauti na seva inazozitazama, na hutuma ishara ya uhai nje kila dakika. Ishara ikikosekana, mtu wa zamu anapigiwa. Mji huu stima hupotea bila taarifa, kwa hiyo hakuna kinachotegemea kompyuta iliyo mezani kwangu.

5. Lebo ni gharama, na nyingine ni hatari

Kila kipimo hubeba lebo: mradi gani, njia gani ya malipo, matokeo gani. Miradi 30, njia 3 na matokeo 4 hutoa mifululizo 360 ya kuhifadhi. Hiyo ni kidogo. Mtu akiongeza lebo ya nambari ya simu, na wanachama wakawa 10,000, mifululizo inaweza kufika 120,000 kwa kipimo hicho kimoja. Kumbukumbu ya Prometheus inajaa, na mfumo wa kufuatilia ndio unaoanguka.

Tena nambari ya simu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Dashibodi hutazamwa na watu wengi, wakati mwingine kwenye skrini ukutani. Habari za mlipaji mmoja mmoja zikae kwenye kumbukumbu za matukio, ambako kila anayeingia anajulikana.

6. Kengele iwe na kazi ya kufanya

Vyama vya watumiaji maji vya pande hizi, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002, huutazama mto kiangazi kinapoanza. Kina kikishuka, maji huanza kutolewa kwa zamu ili wa chini nao wapate. Namba ya kina cha mto ina maana kwa sababu watu walishakubaliana la kufanya ikifika pale.

Tunazipima kengele zetu hivyo hivyo. Ya kumwamsha mtu usiku ni lazima ihusu mlipaji anayeumia sasa, na iambatane na maelezo mafupi: tazama hapa, jaribu hili, ukishindwa mpigie fulani. Nyingine zote zinasubiri asubuhi. Kila wiki tunapitia zilizolia, na ile ambayo hakuna aliyeifanyia kazi tunaiandika upya au tunaifuta. Kengele ya “diski imefika asilimia 80” ilikuwa ya kwanza kufutwa, maana diski kubwa inaweza kukaa hapo mwaka mzima bila shida. Badala yake tunauliza: kwa kasi ya saa chache zilizopita, itajaa kabla ya saa 4 kwisha?

7. Kubaliana na watu kiasi cha kushindwa

Lengo la asilimia 99.9 kwa siku 30 linakuruhusu dakika 43 za kuzimika. Asilimia 99.99 inakuruhusu dakika 4 tu, ambazo hazitoshi hata mtu wa zamu kuamka na kufungua kompyuta. Kila tisa unayoiongeza hudai seva za akiba, njia ya pili ya intaneti, na watu zaidi wa zamu. Na bado kuna yaliyo nje ya uwezo wako: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki.

Tulipeleka pendekezo kwa kamati ya mradi mmoja kwa lugha yao: risiti 999 kati ya kila 1,000 zifike ndani ya dakika moja. Wakikubali hilo, kiasi cha kushindwa kinachobaki ni chetu kutumia kwa maboresho. Kikiisha kabla ya mwezi kwisha, tunaacha kuongeza vipengele vipya na kurekebisha vilivyopo.

Wengi waliridhika. Mama mmoja wa kamati akauliza, “Na huyo mmoja aliyebaki, sisi tutamjuaje?”

Hakuna grafu iliyoweza kumjibu. Tukatengeneza ukurasa unaowaonyesha viongozi wa mradi malipo yaliyopokelewa ambayo risiti zake hazijatoka, pamoja na muda ambao kila moja limesubiri. Idadi ya malipo hayo nayo tukaifanya kipimo. Kila mradi mpya ukijiunga, tunaufungulia ukurasa huo kabla ya dashibodi yoyote.