Barua Pepe Ikirudi, Kuna Mtu Hajapata Ilani

Novemba 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ulivunja kingo zake na maji yakafunika barabara ya Garissa kupitia Madogo. Kwa mkulima wa kando ya mto, ilani ikifika mapema anapata nafasi ya kuondoa pampu, mifugo na watoto. Ikiwa kamati au kikundi chako hutuma ilani kwa barua pepe, usipuuze zile zinazorudi.

Ujumbe uliorudi huja kwa jina kama Mailer-Daemon, nao hueleza sababu. Tafuta ndani yake nambari ya tarakimu tatu.

Ikianza na 4, tatizo ni la muda, kwa mfano seva ya mpokeaji haipatikani. Usifute anwani. Seva yako hujaribu tena yenyewe, mara nyingi kwa siku kadhaa. Lakini mafuriko hayasubiri: mpigie simu mhusika siku hiyo hiyo.

Ikianza na 5, ujumbe umekataliwa. Soma maneno yaliyo kando ya nambari, kisha uchukue hatua:

1. *Anwani haipo.* Kagua herufi. Kwetu jina moja huandikwa Hussein, Hussen au Huseen. Herufi moja ikikosewa, barua haifiki. Pia, tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti zisizotumika kwa miaka 2. Muulize mwenyewe anwani mpya, kisha uondoe ya zamani.

2. *Kisanduku kimejaa.* Gmail ya bure ina GB 15, zikiwemo picha zilizohifadhiwa humo. Mwombe mwenyewe apunguze.

3. *Umezuiwa.* Huenda barua zako zinadhaniwa kuwa taka. Kosa hapa si la mpokeaji, basi usimfute.

Ukiendelea kutuma kwa anwani zilizokufa, kampuni za barua pepe huanza kukushuku, na hata wenye anwani sahihi wanaweza kukosa ilani.

Weka nambari ya simu kando ya kila anwani, na usimwondoe mtu kabla hujampata kwa njia nyingine, hata kupitia mzee wa kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia inataka taarifa za watu ziwe sahihi.

Tuma ujumbe wa majaribio mwezi Februari na Septemba, kabla ya mvua. Zitakazorudi wakati huo bado zinarekebishika.