Somo la Lishe: Makande ya Dagaa na Kachumbari, Bila Magadi

Somo la toleo hili ni la sahani moja inayotosha kuwa mlo: makande yaliyopoa, yakachanganywa na dagaa na kachumbari. Linahusu pia kitu tunachotia chunguni bila kufikiri, yaani magadi.

KWA NINI BILA MAGADI?

Wengi wetu huku Arusha na Meru tumekua tukiona magadi yakitiwa kwenye makande ili yaive haraka. Lakini magadi huwa na madini ya floraidi. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru tayari yana floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Yakizidi, meno ya mtoto huota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na mifupa yaweza kupinda. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefundisha kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Chujio halijafika kila nyumba, ila kila mama na baba anaweza kuacha magadi leo.

MAHITAJI (watu 10)

Mahindi makavu vikombe 3, maharage vikombe 2, dagaa wakavu vikombe 2, nyanya 6, vitunguu 3, karoti 3, maparachichi 2, malimau 2 na chumvi kidogo.

NAMNA YA KUTAYARISHA

1. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, kisha mwaga maji hayo. Kuloweka ndiko kunakochukua nafasi ya magadi na kupunguza kuni.
2. Chemsha kwa maji mapya, ya mvua kama yapo, saa 2 hadi 3 mpaka yalainike kabisa. Chuja, yapoe.
3. Ondoa vichwa vya dagaa. Osha kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa hadi mchanga uishe, kisha wakaange mpaka wakauke.
4. Osha mboga kwa maji safi yaliyochemshwa, katakata, kamulia limau.
5. Changanya vyote wakati wa kula. Usilaze.

Dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo hutupa protini na kalsiamu. Limau na nyanya husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharage. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, ponda vyote vilainike.

KWA KAMATI NA WAFADHILI

Kamati ipike mlo huu kwenye kikao kijacho, wajumbe waonje kabla ya kuwafundisha wengine. Nanyi wafadhili, tangi la kuvuna maji ya mvua shuleni ni meno na miguu ya watoto wetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nyumba ngapi katika jumuiya yetu bado zinatumia magadi?
2. Watoto wetu wanakunywa maji ya chanzo gani, na je, yamepimwa?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.