Kano ya nyonga ikikatika, mwendo hubadilika

Kuna maumivu ya pembeni mwa nyonga ambayo mtu huyavumilia miaka mingi akiambiwa ni baridi, ni baridi yabisi, au ni umri tu. Huanza polepole. Usiku hawezi kulalia upande huo. Akiinuka kitini, hatua za kwanza humchoma. Akipanda ngazi hushika ukuta. Hatimaye majirani humwuliza mbona siku hizi anatembea kama bata.

Swali hilo la majirani lisipuuzwe. Maumivu peke yake aghalabu hutokana na kano iliyochakaa, nayo hutulia bila kisu. Lakini iwapo mwili umeanza kuinama upande mmoja katika kila hatua, huenda kano imebanduka kutoka kwenye mfupa. Hapo kungoja kuna hasara yake, kama tutakavyoona.

Kano ni ule uzi mgumu, mweupe, unaofunga msuli kwenye mfupa. Wapenzi wa supu ya miguu wanaijua vyema, maana ndiyo huwashinda meno. Sasa gusa pembeni mwa paja lako, kama shubiri moja chini ya ukingo wa mfupa wa kiuno. Utahisi nundu ngumu. Hapo ndipo zinapojishikiza kano za misuli miwili ya kitako, ule wa kati na ule mdogo.

Kazi ya misuli hiyo haionekani lakini ni kubwa. Kila unapoinua mguu mmoja kupiga hatua, uzito wa mwili huangukia mguu uliosalia chini. Misuli hiyo ndiyo inayoshikilia kiuno kisiporomokee upande wa mguu ulio hewani. Mtu anayeshuka matatu na kutembea hadi kazini huitumia mara elfu kadhaa kwa siku.

Daktari Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza mnamo 1895 jinsi udhaifu wa misuli hiyo unavyotambulika. Unaweza kujipima nyumbani. Simama mbele ya kioo, kando ya meza ili usianguke, kisha inua mguu usiouma na ubaki hivyo kwa nusu dakika. Iwapo maumivu yanakujia pembeni mwa nyonga uliyosimamia, kano zinashukiwa. Iwapo kiuno kinashuka upande wa mguu ulioinuliwa, au kifua kinainamia upande wa pili ili usianguke, basi msuli haushiki kama ipasavyo. Matatizo ya uti wa mgongo na ya kiungo chenyewe huweza kuleta dalili kama hiyo, kwa hivyo kipimo hiki ni cha kukupeleka kwa daktari, si cha kujitibu.

Dalili nyingine ya kusaidia ni viatu. Mwenye kiungo cha nyonga kilicholika huumwa zaidi kwenye kinena, na kuvaa soksi au kufunga kamba za viatu humtaabisha. Mwenye kano mbovu huumwa pembeni, na mara nyingi soksi huvaa bila shida.

Wanaoathirika zaidi ni wanawake waliopita umri wa miaka 40. Wanaume pia huugua, na wapo waliowekewa nyonga bandia ambao kano zao huachia baadaye. Mara nyingi haikatiki kwa siku moja. Huchakaa kidogo kidogo kama kamba ya kisima, halafu kuteleza bafuni kukamaliza kazi.

Kwa miaka mingi maumivu haya yaliitwa uvimbe wa kifuko cha majimaji kilichoko juu ya ile nundu. Mnamo 1997 madaktari wa Uingereza walitoa ripoti kuhusu wagonjwa 50 waliopasuliwa baada ya kuvunjika shingo ya mfupa wa paja. Kati yao, 11 walikutwa na kano zilizochanika. Tangu wakati huo wataalamu wamekuwa wakiitazama kano kwanza kabla ya kulaumu kifuko.

Hata hivyo, tiba iliyozoeleka imebaki kuwa sindano ya steroidi. Sindano hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, na si haramu. Ubaya ni kuirudia kila baada ya miezi michache, maana dawa hiyo huweza kudhoofisha kano, na mgonjwa asiyeumwa huendelea kuivuta iliyokwisha kuchanika.

Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mnamo 2018 ulilinganisha njia tatu kwa watu 204. Baada ya wiki 8, takriban 77 kati ya kila 100 waliofundishwa mazoezi na namna ya kujitunza walisema wamepata nafuu. Waliodungwa sindano walikuwa 58, na walioachwa wangoje walikuwa 29. Utafiti huo ulihusu kano zilizochakaa. Iliyokatika kabisa haiungwi na mazoezi.

Ili kujua hali ilivyo, eksrei haitoshi, kwani huonyesha mifupa. Ultrasaundi husaidia mikononi mwa mzoefu. Picha ya MRI ndiyo huonyesha wazi kano imechanika kiasi gani na, muhimu zaidi, msuli wenyewe una hali gani.

Hapa ndipo penye ile hasara tuliyoitaja. Msuli usio na kitu cha kuvuta hunywea, na nyuzi zake hugeuka mafuta. Mafuta hayo hayarudi kuwa nyama hata kano ikishonwa. Kano nayo hurudi nyuma ndani ya kitako na kukauka, hata daktari akiivuta haifiki tena kwenye mfupa. Ndiyo sababu mgonjwa anayechechemea hafai kuzungushwa na dawa za kutuliza maumivu mwaka mzima.

KISU KINAFANYA NINI?

Upasuaji hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi au amefishwa ganzi kuanzia kiunoni. Daktari hupasua pembeni mwa nyonga, au hutoboa vijishimo vichache na kupitisha kamera nyembamba. Hukwangua sehemu ya mfupa ambapo kano ilikuwa imeshika hadi itoe damu kidogo, kwa kuwa kano haishiki kwenye mfupa uliokauka. Kisha hupigilia nanga ndogo zenye nyuzi ndani ya mfupa na kwa nyuzi hizo huifunga kano mahali pake.

Kamera huacha makovu madogo. Lakini mchaniko mkubwa, au kano iliyorudi nyuma sana, aghalabu huhitaji kufunguliwa wazi. Usimhukumu daktari kwa urefu wa kovu.

Iwapo msuli umekwisha kugeuka mafuta, kushona hakusaidii sana. Daktari Leo Whiteside wa Marekani alieleza mnamo 2012 njia ya kuchukua sehemu ya mbele ya msuli mkubwa wa kitako, ule tunaoukalia, na kuuhamishia kwenye nundu ili ufanye kazi ya ule uliokufa. Wengi hupata nafuu ya maumivu. Mwendo huimarika, ingawa si lazima kuchechemea kuishe kabisa, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kutia sahihi.

WIKI SITA ZA MAGONGO

Kushona huchukua saa chache. Kupona huchukua miezi, na hapo ndipo kazi nzuri ya daktari huharibiwa na mgonjwa mwenye haraka. Kano hushikana na mfupa polepole. Kwa wiki sita hivi za kwanza nyuzi na nanga ndizo zinazoshika, si mwili.

Katika muda huo utatembea kwa magongo mawili, mguu ukigusa chini tu bila kubeba uzito. Usiuinue mguu upande kwa nguvu zake wenyewe. Usikunje nne, usikae mkekani miguu imepishana, wala usilalie upande uliopasuliwa. Ukilala ubavu wa pili, weka mto mnene katikati ya miguu. Choo cha kuchuchumaa ni hatari; tafuta kiti cha choo mapema. Mama mwenye mtoto mdogo amtafute wa kumbeba, maana kumpachika mtoto kiunoni ndiko kunakobana kano.

Baada ya hapo mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuongoza kuacha gongo moja, kisha la pili. Ukibaki na bakora moja, ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si wa upande unaouma kama wengi wafanyavyo. Ngazini, panda kwa mguu mzima kwanza, shuka kwa mguu mgonjwa kwanza. Mazoezi ya kujenga nguvu huanza karibu na mwezi wa tatu. Kutembea vizuri huja kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na nguvu huendelea kuongezeka hadi mwaka.

Mpango wa fedha ufanywe na hili akilini. Wengi huchangisha pesa za upasuaji zikaisha siku ya kutoka wodini, na mazoezi, ambayo ni nusu ya tiba, yakakosa wa kuyalipia. Uliza SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, au kampuni yako ya bima, kama MRI na vikao vya mazoezi vinalipiwa na ni vingapi. Mwenye kisukari asawazishe sukari kabla ya kupasuliwa, na mvutaji sigara aache, kwani vyote viwili huchelewesha kidonda na kano kupona.

Ukiwa nyumbani, rudi hospitali siku hiyo hiyo iwapo kidonda kinatoa usaha, una homa, au umesikia kitu kikifyatuka nyongani na mguu ukalegea. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, usingoje asubuhi. Hiyo huweza kuwa damu iliyoganda.